Mutu wa kusikiliza mawazo yetu: nani alimupa ile kazi?

Siku ya mukutano wa delege, mutu mumoja alingoja mpaka wote watoke mu biro ya sendika. Ni mutu wa elektrolizi, miaka kumi na moja mu kazi. Alimuona mwenzake akiungua na asidi, na tangu siku ile usingizi ulimukimbia. Kampuni yake, moja ya zile ndogo zinazotumika kwa mukataba chini ya zile kubwa, ilikuwa imeleta «conseiller en santé mentale» na kubandika tangazo ku mulango: kila mwenye mawazo mingi aende kumuona, bila kulipa. Akaenda. Akasema yote: ndoto, mikono inayotetemeka, lutuku ya asubuhi mbele ya kazi, hata ile siku moja alifikiri kumaliza maisha yake. Kisha wiki moja, shefu wa ekipi akamuuliza mbele ya wenzake kama angali analota. Kisha wiki mbili akatolewa ku posti yake, na prime ya ile posti ikapotea.

«Yaya,» akaniambia, «ile mutu nilimuambia peke yake. Sasa bote banaisha kuyua. Na miye shiko fu.»

Tulienda kuuliza ile conseiller ni nani. Tulikuta mutu wa heshima, hatumutukani. Alisoma gestion, akafanya seminere ya siku tano, akapewa breve na baji ya kuvaa ku kifua. Meza yake iko ndani ya sevisi ya personeli. Kila siku ya tano anaandika ripoti, na ile ripoti inaenda kwa shefu wa personeli pamoja na majina. Tulipomuuliza kuhusu siri, alishangaa kweli. Hakuna mutu alishamuambia kama ni kosa.

Ni juu ya hii tunaandika leo. Kampuni mingi sasa zinasema maneno ya afya ya akili, na ni jambo la kufurahisha; zamani hakuna aliyeitamka. Lakini mbele ya kufungulia mutu roho yetu, tuko na haki ya kujua alisoma nini, nani anamuangalia, na maneno yetu yanaenda wapi.

Neno lenyewe linatuchanganya. Ku Shituru, ukisema «licencié», mutu anafikiri kwanza wale walioonyeshwa mulango wa kazi. Ku inivasite, licencié ni yule aliyemaliza masomo yake. Na kuko maana ya tatu, ya inchi zingine: ruhusa inayotoka kwa serikali kwa kufanya kazi fulani, na serikali inaweza kuinyanganya. Mu jimbo la New York kule Marekani, anayetaka kuitwa mushauri wa afya ya akili anasoma mpaka master, kisha anatumika masaa 3.000 chini ya macho ya mukubwa wa ile kazi, kisha anapita egzame ya serikali. Kisha tu anapewa karata. Akiuza siri ya mugonjwa, wanaweza kumunyanganya ile karata, na mukate wake unaondoka pamoja nayo. Hapa karibu, Kenya waliandika sheria yao mu 2014: hakuna kufanya kazi ya mushauri ao ya psikologu bila kuandikwa na kupewa lisansi na bodi inayosimamia ile kazi.

Kwetu, waganga wako na Ordre yao tangu 1968, na wauguzi walipata yao kwa sheria ya 2016. Munganga akikutendea mubaya, unajua mulango wa kugonga. Mwenzetu wa elektrolizi aligonga mulango gani? Wa sendika. Na sendika haiwezi kumunyanganya mutu karata ambayo hakuna aliyemupa.

Basi, mpaka hapo, sisi wenyewe tuangalie diplomi. Kuko psikologu na psikologu. Yule aliyesoma psikolojia ya kazi anajua kupima watu mbele ya kuwaandika, kupanga posti, kutafuta juu ya nini watu wanakosa kazi. Ni kazi nzuri, lakini anaifanya kwa kampuni. Yule aliyesoma psikolojia ya kliniki ndiye alifundishwa kukaa na mutu mwenye taabu, akafanya staji ku hospitali, akaona wagonjwa wa kweli pamoja na mukubwa anayemusahihisha. Mu masomo ya zamani ilikuwa gradua ya miaka mitatu na lisansi ya miaka miwili. Leo ni lisansi ya mitatu na master ya miwili. Ukihesabu vizuri, ni miaka mitano yote mawili. Inivasite ya Lubumbashi iko na Fakulte ya Psikolojia na Elimu, basi tusiambiwe kama ni watu wa kutafuta Ulaya. Na yule aliyekupima ile siku ya kukuandika kazi asiwe ndiye anakusikiliza ile siku unalia. Mukono mumoja hauwezi kushika mizani na kitambaa cha machozi.

Sasa kazi yake ni nini? Wengi wetu tunafikiri ni kutoa mashauri. Mashauri tuko nayo ya kutosha: mujomba anatoa, pasta anatoa, hata mutu wa nganda anatoa. Yeye kwanza anasikiliza, tena kwa mupango. Anauliza usingizi, chakula, pombe, nyumba, kazi. Anauliza wazi kama umefikiri kujiua, bila kuzunguka. Watu wanaogopa lile swali, wanasema litamupa mutu wazo; sivyo, mwenye ile wazo anapata fasi ya kupumua. Kisha anapanga pamoja na wewe: tutaonana mara ngapi, tunatafuta nini, tutajua namna gani kama umepona. Hatoi dawa. Akikupa kinini cha usingizi kutoka mu mufuko wake, kimbia. Hafungi mutu kamba, hapigi, haoni maono.

Na anajua mupaka wake. Mutu anayepiga kelele usiku na kuongea maneno isiyofungana anaweza kuwa na malaria iliyopanda ku kichwa, ao kifafa, ao sukari iliyoshuka. Ule si wa kuongeleshwa, ni wa kupelekwa kwa munganga leo leo. Na kama ni ugonjwa mukubwa wa akili, njia iko: Lubumbashi kuko sentere ya Joseph Guislain ya Ba-Frères de la Charité, kilometa karibu 120 kutoka hapa. Guislain alikuwa munganga wa Gent kule Ubelgiji, aliyekufa mu 1860. Alipigania wagonjwa wa akili watolewe minyororo na wachungwe kama wagonjwa wengine. Tunasema hii juu mpaka leo mu lupangu zingine tunakuta mutoto wa mutu amefungwa ku muti.

Lakini tukirudia ile kisa ya mwanzo, yote inasimama ku siri. Wazee wetu wa Union Minière wanakumbuka tshanga-tshanga, shefu wa kampi. Alijua nani alipigana na bibi yake usiku, nani alilaza mugeni bila ruhusa, na ile yote iliweza kurudi ku kazi. Watu wakajifunza kufagia mbele ya mulango na kufunga kinywa. Serikali ilichukua Union Minière mu 1967, lakini ile desturi ya kufunga kinywa tulibakia nayo, tukairizisha watoto. Na Likasi iliona mambo ya kulia: 1992 na 1993, maelfu ya watu ku gare, wakingoja treni ya kuwapeleka mbali na nyumba zao, 2003, zaidi ya watu 10.000 wa Gécamines wakasaini «départ volontaire» mu miji yote ya kazi. Baba wengi hawakusema kitu siku ile, na hawajasema mpaka leo. Sasa muchukue mutu kama ule, mumuambie aseme. Akisema mara moja na maneno yakatoka inje, hatasema tena, na mutoto wake pia hatasema.

Sheria iko. Code pénal yetu, ku artikle 73, inaazibu yule aliyepewa siri juu ya kazi yake kisha akaitoa bila sheria kumulazimisha. Hata munganga wa kazi, anapokupima, anamuambia patro neno moja tu: huyu anaweza hii posti, ao hawezi. Jina la ugonjwa linabakia kwake. Kama munganga mwenyewe amefungwa namna ile, mushauri wa kukaa mu sevisi ya personeli ni nani mpaka aandike ndoto za watu mu ripoti? Kitu anaweza kumupa patro ni hesabu bila majina: mwezi huu nilipokea watu fulani, wengi wanalalamika posti ya usiku. Ile inasaidia, maana inaweza kugeuza mupango wa kazi.

Kuko fasi siri inafunguka, na mushauri muzuri anakuambia toka siku ya kwanza: kama uko karibu kujiua, kama unataka kuua mutu, kama mutoto anateswa. Hapo anaita yule anayeweza kuokoa, na anasema ile ya lazima tu. Wengine watatuuliza: na yule anayeendesha mashini kubwa huku analewa? Swali ni la haki, tuliligombania mu sendika mpaka usiku. Jibu letu: amupeleke kwa munganga wa kazi, pamoja na yeye mwenyewe akijua, na munganga aseme «hawezi kwa sasa». Shefu wa ekipi hana haja ya kujua zaidi, na prime isiguswe wakati anatunzwa.

Mutu atasema: psikologu wa miaka mitano ni beyi kali, na sisi tuko wengi. Ni kweli, na si kila kilio kinaomba diplomi. Kule Zimbabwe, munganga wa akili Dixon Chibanda alianza mu 2006 kufundisha mama wazee wa mitaa ya Harare wakae ku benchi inje ya dispansere, wasikilize watu. Kazi yao ilipimwa, na matokeo yakatoka mu gazeti kubwa la waganga la Marekani mu 2016: waliokaa ku ile benchi walipona huzuni kuliko wale waliopata matunzo ya kawaida. Lakini wale mama walifundishwa kwanza, kulikuwa mwenye kuwasimamia, na mwenye hali nzito walimupeleka mbele. Hakuna aliyewavalisha baji ya uongo. Tungependa mama wa Shituru, wa Kikula, wa Panda wafundishwe vile, na psikologu wa kweli awe nyuma yao. Pasta pia ana fasi yake, akikubali kusema: «Hii inanipita, twende hospitali.»

Kwa wakubwa wanaopenda hesabu: mu 2022, OMS na Biro ya Kimataifa ya Kazi ziliandika kama huzuni na wasiwasi zinapoteza milyari 12 za siku za kazi kila mwaka mu dunia. Na Code du travail ya 2002 inamulazimisha patro kutunza mufanyakazi pamoja na jamaa yake. Mama anayeamshwa kila usiku na mikelele ya bwana yake, naye apokelewe. Mu ile kampuni, tangazo lilisema «mawazo mingi ya wafanyakazi». Ya bibi zao hawakuifikiri.

Mwenzetu sasa anaenda Lubumbashi mara moja kwa mwezi, kwa franga za mufuko wa wenzake. Analala masaa manne, tano. Posti yake bado hatujairudisha.

Mu mazungumuzo ya konvansioni tunaleta karatasi moja. Diplomi ya kliniki, ionyeshwe kwa delege mbele ya mutu kuanza kazi. Mukataba wake useme wazi kama haripoti majina kwa mutu yeyote wa kampuni, na kama akitoa siri, anatoka. Na chumba kisiwe mu sevisi ya personeli. Walituonyesha kimoja kingine, kizuri, kimepakwa rangi, lakini dirisha lake linaangalia fasi watu wanapanga mustari siku ya mushahara. Tulikataa. Tunaomba kile cha nyuma ya dispansere, fasi kila mama anapita na mutoto wa kikohozi, na hakuna atakayejua wewe umekuja juu ya nini.