Msilaumu Udongo Bure

 Mhariri aliponiomba maoni, nadhani alitarajia niandike juu ya nidhamu au ufisadi, kama ilivyo desturi yetu. Mimi nimechagua maua. Tayari nawasikia wale wa viti vya nyuma wakinong'ona, "Maua tena? Chama cha Kiswahili na mambo ya jeni, wapi na wapi?" Subirini kidogo, jameni. Haraka haraka haina baraka.

Nyote mnalijua lile waridi jekundu lililo karibu na ofisi ya walimu. Mwaka juzi, siku ya kufunga shule, nilimwomba mzee anayetunza bustani anikatie matawi mawili. Akanikatia, yote kutoka shina moja, yenye unene wa penseli. Tawi moja nilimpelekea magokoro wangu, yaani nyanya, anayeishi Borabu kwenye baridi kali ya asubuhi. La pili nilimpelekea shangazi, ambaye ameolewa huku chini Mugirango Kusini, mahali ambapo ukivaa sweta saa sita watu watakuuliza kama unaugua malaria.

Yote mawili yalishika. Yalipochanua, lahaula! Waridi la magokoro lilikuwa na ua kubwa kama kikombe cha chai, petali zimejazana, wekundu wake umekolea hadi unakaribia weusi. Lile la shangazi lilitoa maua upesi na kwa wingi, lakini madogo, yaliyopauka, yenye kuchanua leo na kupukutika kesho kutwa. Shangazi alikuja Borabu kusalimu, akaliona la mamaye, akanigeukia. "Kumbe wewe mtoto una ubaguzi! Mama ulimpa mbegu nzuri, mimi ukaniletea mbaya." Nikamwapia kuwa yalikatwa shina moja kwa kisu kimoja. Hakuamini. Akasema basi ni udongo wa kwake uliochoka.

Hapo ndipo ninapotaka kusimama. Katika nchi yetu hii ya Kisii na Nyamira, zao likitushinda tuna majibu mawili tu. Ama mbegu ni mbaya, ama udongo umechoka. Tunachagua jibu kama mtu anayerusha shilingi hewani, kisha tunatoa pesa kununua dawa ya jibu hilo. Maoni yangu ni kwamba hatuna haki ya kulaumu chochote kati ya hivyo viwili kabla ya kuvitenganisha, na kuvitenganisha si kazi ya maprofesa peke yao. Mimi nilifanya kwa matawi mawili, tena bila kujua kuwa nafanya.

Nieleze kidogo. Tawi lililokatwa na kupandwa si mtoto wa waridi lile. Ni waridi lile lile, na jeni zake zote ni zile zile. Kwa hiyo tofauti kati ya ua la Borabu na ua la Mugirango Kusini haiwezi kutoka kwa mbegu. Ni mahali. Kwenye baridi waridi hukua polepole, tumba linapata muda wa kunenepa na rangi inakolea. Kwenye joto mambo yanaharakishwa na rangi inafifia. Wakulima wakubwa wa Kenya wanalijua hili vizuri. Aina moja ya waridi ikipandwa Naivasha, na tena ikipandwa juu Timau karibu na Mlima Kenya, lile la Timau hutoa ua kubwa zaidi, ila mkulima husubiri zaidi kulivuna. Shangazi angeweza kumwaga samadi gari zima, baridi ya Borabu haimo ndani ya samadi.

Lakini msije mkakimbia mkasema mahali ndipo kila kitu. La hasha! Chukueni mbegu za waridi badala ya tawi, mambo yanageuka. Waridi la bustani kwa kawaida lina seti nne za kromosomu, si mbili kama sisi, na ukoo wake umechanganywa mara nyingi tangu zamani. Ukipanda mbegu kutoka tunda moja, usishangae kupata miche ambayo haifanani, mmoja mwekundu, mwingine wa pinki, mwingine ana miiba kama nungunungu. Wafugaji wa waridi, maana nao huitwa wafugaji kama wa ng'ombe, huishi kwa bahati nasibu hiyo. Wanachagua mama na baba, wanaondoa petali na sehemu za kiume za ua la mama kabla hazijatoa chavua, wanampaka chavua ya baba kwa brashi, wanangoja miezi tunda liive. Kisha wanapanda maelfu ya mbegu na kutupa karibu zote. Hadi aina moja mpya ifike sokoni inaweza kuchukua miaka saba hata kumi. Ndiyo sababu mwenye aina hiyo hudai malipo kwa kila anayeikuza, na Kenya ilijiunga mwaka 1999 na umoja wa mataifa yanayolinda haki za wafugaji wa mimea.

Na kuna mambo ambayo mahali hapawezi kuyafanya hata pakibembelezwa. Waridi halina jeni ya kutengeneza rangi ya buluu. Ulipande Borabu, ulipande Mombasa, buluu haitatoka. Kampuni ya Suntory ya Japani ilibidi ichukue jeni kutoka ua jingine na kuiingiza ndani ya waridi, na mwaka 2009 ilipoliuza, wengi waliliona ni la zambarau tu! Vilevile, zamani mawaridi mengi ya Ulaya yalichanua mara moja kwa mwaka. Tabia ya kuchanua tena na tena ililetwa na mawaridi ya China mwishoni mwa karne ya 18. Haikuletwa na mbolea.

Linganisheni na haidrenja, yale maua ya mviringo kama mpira yaliyopandwa mbele ya nyumba nyingi kwenye sehemu za majani chai. Kwenye udongo wetu wenye asidi huwa ya buluu. Weka chokaa ya kutosha, mmea ule ule utaleta maua ya pinki. Mnaona? Maua mawili, swali moja la rangi, na majibu yanapishana. Ndiyo maana nasema huwezi kukisia.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya nichukue kalamu, maana waridi ni pambo tu na hakuna aliyelala njaa kwa sababu ua lake lilipauka. Nazungumzia pareto.

Walio wadogo pengine hawajui. Pareto ni lile ua jeupe lenye kitovu cha manjano, ambalo ndani yake hutolewa pairethrini, sumu ya kuua wadudu isiyomdhuru sana binadamu. Kwa miaka mingi Kenya iliongoza ulimwengu mzima kwa zao hili, na vilima vyetu vilikuwa miongoni mwa mashamba yake makuu. Magokoro alimsomesha baba kwa pareto. Halafu malipo yakaanza kuchelewa, baadaye yakakoma kabisa. Walioyachukua maua yake sitawataja, nao hawajawahi kurudi kumlipa. Aking'oa pareto, anasema, alikuwa akilia. Wakati huo huo Waaustralia, kule Tasmania, wakachukua nafasi ya kwanza, wakivuna kwa mashine mara moja kwa mwaka.

Miaka ya hivi karibuni zao hili limeanza kurejeshwa katika kaunti zenye baridi, na wetu wengi wamesisimka. Magokoro ametenga robo ekari. Shangazi naye, akisikia bei, ametenga robo ekari yake. Na wote wawili, nawaheshimu sana, wanataka kukosea, kila mmoja kwa upande wake.

Kosa la shangazi ni mahali. Pareto haitoi matumba bila baridi. Usiku usipopoa vya kutosha, mmea unanenepa, unajaa majani ya kupendeza, na maua hayaji. Ukipanda pareto bora kuliko zote duniani kwenye joto la shangazi, utavuna majani. Kinyume chake, huku juu karibu na ikweta, usiku huwa na baridi karibu mwaka mzima, na ndiyo sababu sisi tunaweza kuchuma maua kwa miezi mingi wakati Mtasmania anangoja msimu wake mmoja. Hiyo ni zawadi ambayo hatukuifanyia kazi.

Kosa la magokoro ni mzazi. Yeye ana baridi yote anayohitaji. Lakini miche anayotaka kupanda ameiokota kwa jirani, ilijiotea yenyewe kando ya ua wa nyumba. "Tazama maua yake yalivyo makubwa," ananiambia. Magokoro wangu, nguvu ya pareto haimo katika zile petali nyeupe! Karibu yote imo katika vimbegu vidogo vya kitovu cha manjano, na kwa macho huwezi kuiona. Tena pareto haikubali chavua yake yenyewe. Lazima wadudu wailetee ya mmea mwingine (ajabu ya Mungu, ua la kuua wadudu linawategemea wadudu lizae). Basi kila mche uliotokana na mbegu za ovyo ni mchanganyiko wa mama anayejulikana na baba asiyejulikana. Mmoja utakuwa na nguvu, wa pili nusu, wa tatu kidogo kabisa. Kwa kawaida pairethrini ni kati ya asilimia 1 na 2 ya ua lililokaushwa, na mkulima amezoea kulipwa kwa kadiri ya nguvu hiyo. Kati ya 1 na 2 mtu anaweza kuona ni kitu kidogo, lakini kumbe ni mapato mara mbili kwa kuchuma kule kule, kuinama kule kule, mgongo ule ule wa bibi wa miaka sabini na kitu. Dawa yake ni kugawanya visiki vya mmea uliokwisha kupimwa, ili kila mche uwe mmea ule ule, kama nilivyofanya kwa tawi la waridi.

Najua nitapingwa. Mwalimu mmoja, niliyemwonyesha maoni haya kabla hayajachapishwa, aliniambia kuwa ardhi ya Kisii kweli imechoka, tumeilima bila kuipumzisha na kuigawa vipande hadi vimekuwa kama leso. Nakubali, tena mia kwa mia. Lakini udongo uliochoka huchosha mimea yote iliyomo. Ukiona mimea miwili jirani katika mstari mmoja, mmoja umestawi na wa pili umedumaa, hapo udongo umepata shahidi wa kuutetea. Na ukiona mmea mmoja ule ule umestawi kwa huyu na kudumaa kwa yule, mbegu nayo imepata shahidi. Watafiti wa chai wa Kericho walikwisha kutuonyesha kuwa aina moja ya chai ikipandwa sehemu mbalimbali haitoi mavuno sawa, na aina inayoshinda hapa si lazima ishinde kule. Wazazi wetu wanachuma chai hiyo kila asubuhi, na bado mtu akiona ya jirani imemshinda anakimbilia mfuko wa mbolea kwa mkopo.

Sisi wanafunzi tunakariri Mendel na njegere zake, tunachora yale maua ya mirabilisi, jekundu na jeupe likizaa la pinki, tunapata alama zetu, tunafunga daftari. Halafu tukifika nyumbani tunanyamaza magokoro anapookota miche kando ya njia. Aibu hiyo ni yangu pia, maana nilinyamaza wiki nzima kabla sijasema. Niliposema, shangazi alininunia. Magokoro alicheka, akasema ataacha mistari miwili ya mwisho wazi, nikimletea visiki hivyo vya kupimwa atapanda, tuone nani mwongo. Mistari mingine atapanda ya jirani. Bado natafuta visiki.

Kwa sasa ombi langu kwa shule ni dogo. Wanafunzi wa hapa tunatoka Nyansiongo, Keroka, Manga, Ogembo, Suneka, Tabaka, kila mwinuko uliopo. Waridi lile la ofisi ya walimu linahitaji kupogolewa kila mara na matawi yake hutupwa. Siku ya kufunga shule muhula huu nitakuwa na ndoo ya matawi nyuma ya maabara. Kila atakayetaka achukue mawili. Kata chini ya kifundo, kipande kirefu kama kalamu mbili, ondoa majani ya chini, zika theluthi mbili, weka kivulini, mwagilia. Kisha rudini mniambie ua lilikuwa pana kiasi gani na lilidumu siku ngapi. Rula tutatumia ile ya hesabu.