Rufaa Zetu Zinafia Masjala

Hakimu akimaliza kusoma hukumu, hutuambia kuwa haki ya kukata rufaa iko wazi. Anafunga jalada, karani anaita kesi inayofuata, nasi tunatoka kupisha wengine. Pale nje, chini ya mwembe, ndugu wanafarijiana kwamba huko juu tutakwenda kueleza upya, na safari hii yule jirani aliyegoma kuja kutoa ushahidi atakuja. Hakuna anayetusimamisha kutuambia kwamba huko juu hakuna kizimba cha shahidi, wala jirani hatasikilizwa.

Sisi tunaoandika haya ni watu wa kawaida tuliopita katika mahakama za Tanzania kwa mirathi, viwanja, mikopo na kesi za jinai za ndugu zetu. Kushindwa tunakujua, na hatudai kila aliyeshindwa alionewa. Tunalalamikia rufaa inayokufa kabla majaji hawajaligusa lile lililotupeleka mahakamani.

Katika rufaa, majaji husoma. Rufaa ya kwanza inapofika Mahakama Kuu, jaji ana wajibu wa kuupima upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake mwenyewe. Ikipanda hadi Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa mwaka 1979 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, jopo la majaji kwa kawaida haliyagusi yale ambayo mahakama mbili za chini zimekubaliana kuhusu ukweli wa mambo, isipokuwa zimeuelewa vibaya ushahidi au zimekiuka sheria. Mirathi iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo, ikapita Wilaya na Mahakama Kuu, haiingii Mahakama ya Rufani mpaka Mahakama Kuu ithibitishe kwamba kuna hoja ya kisheria ya kuamuliwa. Utaratibu huu una mantiki yake, maana kesi lazima ifike mwisho.

Lakini majaji wanasoma nini? Wanasoma alichoandika hakimu, mara nyingi kwa mkono, huku shahidi akiongea. Mahakama ya Mwanzo huandika kwa Kiswahili. Kuanzia Wilaya kwenda juu, kwa miaka mingi shahidi amesema kwa Kiswahili na hakimu ameandika kwa Kiingereza. Mama anaeleza kwa nusu saa jinsi mumewe alivyonunua shamba, nani alikuwepo, fedha zilihesabiwa juu ya mkeka wa nani, na jalada linabaki na mistari sita ya lugha asiyoisoma. Akija kulalamika kwamba alisema zaidi ya hayo, anajibiwa kwamba kumbukumbu za mahakama huchukuliwa kuwa sahihi na hazipingwi kirahisi. Atazipingaje, naye hakuwahi kusomewa akazielewa? Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Tulishangilia. Hata hivyo hukumu nyingi za ngazi za juu zinaendelea kutoka kwa Kiingereza, nasi tunaendelea kutafuta kijana wa kututafsiria maisha yetu wenyewe.

Halafu kuna masjala. Aliyewahi kufuatilia nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi anaijua ile benchi ya mbao na lile dirisha. "Mzee, jalada bado liko kwa mheshimiwa, njoo Alhamisi." Alhamisi mchapaji yuko likizo. Wiki inayofuata jalada limeonekana, ila kurasa za shahidi wa tatu hazijachapwa. Mzee huyo ametoka kijijini kwa basi la alfajiri, nauli kakopa. Anasema, "Haya mwanangu, nitarudi," na kweli anarudi. Wakati huo siku zinahesabiwa: 30 za kukata rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo, 45 kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, 30 za kutoa taarifa ya kusudio la kwenda Mahakama ya Rufani.

Tutaambiwa kwamba siku za kusubiri nakala huondolewa katika hesabu. Ni kweli, kwa masharti. Kwa kesi ya madai inayokwenda Mahakama ya Rufani, lazima uwe umeomba nakala kwa barua ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na umpelekee mpinzani wako nakala ya barua hiyo. Kisha Msajili anakupa cheti cha kuonyesha siku zilizotumika kuandaa kumbukumbu. Ukisahau kumpelekea mpinzani barua, cheti hakikusaidii. Msajili akikosea tarehe ndani ya cheti, rufaa yako inaweza kuonekana imeletwa nje ya muda ikaondolewa mahakamani, na gharama ukabebeshwa wewe. Kosa lilifanywa na ofisi, aliyepoteza shamba ni mwananchi. Hapo ndipo uchungu wetu ulipo.

Upande wa jinai ndio mbaya zaidi. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai ya mwaka 1985, aliyetiwa hatiani katika Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi amepewa siku 10 za kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa. Mkurugenzi wa Mashtaka, akitaka kupinga mtu kuachiwa, amepewa siku 30. Mwenye mawakili, magari na wachapaji ana siku 30. Aliyeingizwa kwenye karandinga jioni ile ile, asiyejua hata atalala gereza gani, ana 10. Anamtegemea mkuu wa gereza kupeleka karatasi zake na mfungwa mwenzake mwenye kujua kalamu kumwandikia sababu za rufaa. Wa kesi ya mauaji hupangiwa wakili. Wa unyang'anyi wa kutumia silaha, aliyefungwa miaka 30, mara nyingi husimama peke yake mbele ya majaji. Akichelewa anaruhusiwa kuomba kuongezewa muda, lakini aeleze sababu za msingi kwa hati ya kiapo. Tuonyesheni sababu iliyo ya msingi kuliko kufungiwa ndani.

Ukivuka yote hayo, bado unaweza kushinda na usipate kitu. Katika mabaraza ya ardhi, sheria inataka wazee wa baraza wasiopungua wawili wakae na mwenyekiti, watoe maoni kwa maandishi, na maoni yasomwe mbele ya pande zote kabla ya hukumu. Wenyeviti wengi hawakufanya hivyo. Kesi zikapanda ngazi moja baada ya nyingine, na Mahakama ya Rufani ikafuta mwenendo mzima wa mashauri mengi ya namna hiyo na kuagiza yaanze upya mbele ya mwenyekiti mwingine. Mengine yamefutwa kwa sababu mwamuzi wa mgogoro wa kazi hakutia saini mwisho wa ushahidi wa kila shahidi, au hakimu alimwachia mwenzake kesi katikati bila kuandika sababu. Tunaelewa kwa nini majaji wanasisitiza: saini na yale maoni ni kinga yetu sisi wadogo dhidi ya jalada la kupikwa. Lakini shahidi wa mwaka ule amekwisha kufa, mipaka imelimwa na trekta, na aliyesahau saini amehamishiwa wilaya nyingine na mshahara wake kamili.

Yaliyofanyika tunayakubali. Mwaka 2018 sheria iliwaagiza majaji watazame zaidi haki yenyewe kuliko ufundi wa taratibu, na rufaa kadhaa ambazo zamani zingetupwa zimesikilizwa, ingawa agizo hilo haliokoi rufaa iliyokosa sharti la lazima. Mwaka 2023 ulazima wa kuomba kibali kabla ya kwenda Mahakama ya Rufani katika mashauri ya madai uliondolewa. Mahakama imeanza pia kutumia mfumo wa kompyuta wa kunukuu maneno yanayosemwa kortini. Mfumo huo ufike wilayani haraka, kwa sababu huko ndiko maneno yetu yanakopotea.

Tunachoomba kinajulikana. Mfungwa apewe siku 30 kama Jamhuri. Nakala ziwe tayari siku ya hukumu, na kama haziko tayari, siku zisihesabiwe mpaka zitoke, bila kutaka barua wala cheti. Kosa likiwa la hakimu, mwenyekiti au msajili, shauri linalorudishwa lisikilizwe kwanza kabla ya mengine na ada isidaiwe tena.

Mpaka hayo yatimie, wewe utakayesomewa hukumu kesho, usiondoke eneo la mahakama mikono mitupu. Andika barua ya kuomba nakala siku hiyo hiyo, igongwe muhuri wa kupokelewa, mpelekee mpinzani wako nakala naye asaini, na nakala yako itunze vizuri. Wengi wetu tuliyajua haya muda ulipokwisha pita.