Machozi ya 'Given' si ya kuonewa haya

Nilikuwa kiti cha nyuma kwenye matatu, simu nimeiinamisha jirani asichungulie, machozi yananitoka. Mama aliyekaa kando yangu akaniuliza, "Kwani kuna mtu amekufa, mtoto wangu?" Nikamwambia ndiyo.

Sikumdanganya. Nilikuwa nasoma Given, manga ya Natsuki Kizu. Mafuyu, mwanafunzi wa shule ya upili huko Japani, anatembea kila mahali na gitaa lililokatika nyuzi. Lilikuwa la Yuki, mvulana aliyempenda, ambaye alijitoa uhai baada ya wao kugombana. Majonzi yamemkaa Mafuyu kooni, hana maneno ya kuyatoa. Ritsuka, mpiga gitaa wa shule yao, anamrekebishia nyuzi na kumfundisha kupiga. Siku Mafuyu anapoimba jukwaani, yote yanamwagika. Manze, hapo ndipo niliposhindwa kujizuia.

Wasee wengi huniambia manga za wanaume wanaopendana ni uchafu mtupu. Kusema ukweli, zipo zinazogeuza kulazimishana kuwa mahaba, na hizo sizitetei. Lakini Given inahusu jambo ambalo hata anayenicheka analijua: kufiwa.

Tofauti ni nani anaruhusiwa kulia. Kwenye matanga yetu, mjane hutengewa kiti cha mbele. Mpenzi ambaye hakuweza kujulikana husimama nyuma kabisa, na akiulizwa yeye ni nani, hujibu, "Rafiki tu." Analia akirudi nyumbani, mlango ukiwa umefungwa.

Mwaka wa 2019, Given ilipoanza kuonyeshwa kama anime, Mahakama Kuu hapa Kenya ilikataa kufuta sheria inayoweza kumpeleka mtu jela miaka 14 kwa ngono ya jinsia moja. Huko Japani nako, sheria ya nchi haiwatambui wanaume wawili kama wanandoa. Kwa hivyo usidhani hii ni hadithi ya watu wa mbali wasio na shida.

Unaweza kuwa na msimamo wako kuhusu sheria. Sikulazimishi kuubadilisha. Nakuomba tu usome kabla ya kucheka.

Yule mama alinishika bega, akasema, "Pole sana." Hakuuliza marehemu alikuwa nani kwangu. Natamani kila mfiwa apate mtu wa kumpa pole hivyo, bila maswali.