Kompyuta za Stoo Hazijafa, Zimesusiwa

Makamanda, kuna uongo umezoeleka mpaka na sisi tunaurudia vijiweni: eti kompyuta zilizojazana kwenye stoo za shule za kata "zimekufa", dawa yake ni tenda mpya. Mheshimiwa anakuja na kamera, anakata utepe, anapiga picha na kompyuta mpya, na zile za zamani zinasukumwa ukutani zikae na madawati yaliyovunjika miguu. Miaka inapita, hizo mpya nazo zinatangaziwa msiba. Tenda nyingine.

Mimi nabisha. Kilichokufa ni Windows iliyomo ndani, sio mashine. Microsoft walisimamisha huduma ya Windows 7 Januari 2020, na ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, ambacho Core 2 Duo ya mwaka 2007 haina. Python nayo, toleo la mwisho kukubali Windows 7 ni 3.8, na hilo limeacha kupewa marekebisho tangu 2024. Mwalimu anajaribu kuweka toleo jipya, linagoma, anaandika "mashine mbovu" kwenye ripoti. Afisa anasaini. Hakuna aliyeuliza swali la pili.

Swali la pili ni hili: Python yenyewe ni nini? Ni programu iliyoandikwa kwa lugha ya C. Guido van Rossum aliitoa mwaka 1991, wakati kompyuta zilikuwa dhaifu kuliko simu ya kitochi uliyonayo mfukoni. Msimbo wake wote uko wazi. Unaupakua kama fungu moja dogo, unaufungua, unaandika ./configure, halafu make, na mashine inajijengea interpreta yake yenyewe. Haiombi TPM wala leseni ya mtu.

Nimefanya hivyo kwenye Core 2 Duo yenye RAM ya gigabaiti 2, ndani yake Debian. Niwape yale ambayo watu hawasemi, maana hapa ndipo wengi wanakata tamaa na kurudi kuimba wimbo wa "mashine mbovu".

Kwanza betri ya saa. Kompyuta iliyokaa stoo miaka mitano betri yake ndogo ya duara imekwisha, ukiiwasha inaamini bado ni miaka ile ya zamani. Hapo make italalamika kwamba mafaili yametoka siku zijazo, na tovuti salama zitakataa kufunguka. Betri hiyo ni CR2032, haifiki bei ya chipsi mayai. Nashawishika kabisa kwamba kuna mashine zimeandikwa mbovu nchi hii kwa sababu ya betri hiyo tu.

Pili maktaba za msingi. Python itajengwa hata kama OpenSSL na zlib hazipo kwa upande wa maendelezo, lakini itatoka kilema: bila zlib inaweza kukwama kwenye hatua ya kusakinisha, na bila OpenSSL pip haitashusha chochote kutoka mtandaoni. Kwenye Debian weka libssl-dev, zlib1g-dev, libffi-dev na libsqlite3-dev kabla ya kuanza. Mwishoni make inaorodhesha moduli zilizoshindikana. Soma hiyo orodha bana, usiipite kama masharti ya mkopo.

Tatu, usiwe na tamaa. Kuna chaguo la --enable-optimizations ambalo linaongeza kasi kidogo, lakini linajenga, linajipima, kisha linajenga upya. Kwenye mashine ya kizee unaweza kula zaidi ya saa nzima. Bila hilo ni muda wa chai na chapati. RAM ikiwa gigabaiti 1, ongeza swapu na usiilazimishe kufanya kazi nyingi kwa mpigo. Ukimaliza tumia make altinstall, usivuruge Python ambayo mfumo wenyewe unaitegemea.

Najua mjuaji mmoja ataniuliza: Debian 13 si inakuja na Python 3.13 tayari? Kweli, na kwa mashine ya biti 64 itumie hiyo, usijitese. Lakini Debian 13 haina tena kisakinishi cha biti 32. Pentium 4 za zamani zinabaki na Debian 12, yenye Python 3.11. Ukitaka toleo jipya hapo, unajenga kutoka kwenye msimbo chanzo.

Na kuna sababu ya pili, ambayo kwa kijana wa upinzani haihitaji mhadhara. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, mtandao ulizimwa nchi nzima, na ukakaa umezimwa kwa siku kadhaa. Anayetegemea kila kitu kishuke kutoka mbali alikaa anaangalia ukuta. Mwenye msimbo chanzo na kompaila kwenye flashi aliendelea na kazi. Hao hao wanaotuhubiria uchumi wa kidijitali na Dira 2050 ndio wameshika swichi.

Wapo wa kwetu pia wanaonikera. Kila tukikaa kuandaa ilani, mtu anasimama: "tuahidi laptop kwa kila mwanafunzi". Anapigiwa makofi. Hiyo ni sera ya CCM yenye rangi ya bendera yetu. Tazameni Brazil. Kwa miaka mingi serikali yao ilibana uingizaji wa kompyuta na programu kutoka nje. Sisifii ukiritimba huo, uliwaumiza. Lakini mwaka 1993 watu watatu wa chuo kikuu cha PUC-Rio, Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes, waliokuwa wakifanya kazi za kampuni ya mafuta ya Petrobras, hawakusubiri msaada. Walitengeneza lugha yao, wakaiita Lua, yaani mwezi kwa Kireno. Leo imo ndani ya World of Warcraft na Adobe Lightroom. Fungu lake la msimbo halifiki nusu megabaiti, na kwenye hiyo hiyo Core 2 Duo linajengwa kabla hujamaliza kupiga mswaki. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kufungua mafaili yake akaona lugha inavyosoma sentensi.

Kwa hiyo kabla hatujadai mashine mpya, tudai rejista. Kila tawi la vijana limwandikie mkurugenzi wa halmashauri: kompyuta ngapi ziko stoo, nani alizipima, alipima nini, na ni lini zinapigwa mnada kama chuma chakavu. Barua ipigwe muhuri wa kupokelewa, nakala ibaki ofisini.

Flashi yenye Debian 12, Debian 13, Python na Lua ipo ofisi ya kata. Njooni Jumamosi na flashi tupu ya gigabaiti 16, na mwenye CR2032 ya ziada aje nayo.