Mcheza kwao hutuzwa, ila nani atamtuza mchoraji wa Nairobi?

KAMA unaishi Muthangari, Kileleshwa au Lavington, bila shaka unaijua barabara ya James Gichuru kwa msongamano wake wa magari. Je, unajua kwamba kwa miaka mingi barabara hiyo ilikuwa na jumba la sanaa liitwalo Circle Art Gallery? Ndilo lililoandaa, mnamo 2013, mnada wa picha na vinyago vya wasanii wa Afrika Mashariki hapa Nairobi.

Wengi wetu tulipita tu. Tukiona lango na mlinzi, tunadhani ndani ni kwa matajiri na wazungu. La hasha! Aghalabu majumba haya madogo hayatozi kiingilio, wala hakuna anayekulazimisha kununua. Unaingia, unatazama, unauliza, unaenda zako.

Kutokwenda kwetu kuna gharama. Elimo Njau na wenzake walianzisha Paa ya Paa mwaka wa 1965. Jina lenyewe ni mchezo wa maneno: paa, yule mnyama, anapaa juu. Moto uliiteketeza mwaka wa 1997, na kazi nyingi zikapotea. Gallery Watatu, iliyopewa jina hilo kwa sababu ilianzishwa na wasanii watatu mwaka wa 1969, ilifunga milango yake. Kuona Trust, iliyoanza 1995, ilikuja kuhamia Likoni Close, karibu na barabara ya Dennis Pritt. Ilisambaratika mwaka wa 2017, na ni wasanii wenyewe waliojikusanya ili karakana zao zisife.

Kwa nini majumba haya huyumba? Kodi ya nyumba Nairobi haingoji mchoraji auze. Tena kwa miaka mingi wanunuzi wakubwa walikuwa watalii na wageni wanaofanya kazi hapa. Mgeni akifunga virago, mchoraji hubaki na turubai zake ukutani. Duka linalotegemea wapita njia pekee halina msingi.

Huko ng'ambo, kazi za watu wetu zinathaminiwa. Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1984, huchora juu ya kitambaa cha gome la mti kutoka Uganda. Mwaka wa 2019 picha yake moja iliuzwa kwenye mnada New York kwa zaidi ya dola milioni 1.5. Lakini kumbuka, pesa za mnada humwendea anayeiuza picha, ambaye mara nyingi si mchoraji. Armitage alianzisha taasisi ya sanaa hapa nyumbani, NCAI, kwenye barabara ya Limuru.

Mwaka wa 2022 taasisi hiyo ilionyesha kazi za Sane Wadu. Wazazi, kisa chake kinawahusu. Bwana huyu alikuwa mwalimu. Alipoacha chaki akashika brashi, watu walisema amerukwa na akili. Naye akajiita Sane, neno la Kiingereza lenye maana ya mtu mwenye akili timamu! Sasa jiulize: mwanao akichora pembezoni mwa daftari la hesabu, wewe humwambiaje? Hata kundi la Maasai Mbili la Kibera, lililoanza 2001, chimbuko lake ni vijana waliokuwa wakiandika mabango ya maduka.

Mwanafunzi asiye na pesa aanzie katikati ya jiji. Alliance Française na Goethe-Institut, zilizo karibu karibu penye barabara za Monrovia na Loita, huwa na maonyesho ya bure. Kutoka hapo tembea hadi Nairobi Gallery, jengo la 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa. Humo mna hazina iliyokusanywa na Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka wa 1966. Hapo utalipa kiingilio.

Ukienda na watoto, usiwaharakishe. Mwambie kila mmoja achague picha moja aipendayo na aeleze sababu. Wewe pia chagua yako. Mkimkuta msanii, muulizeni alivyoifanya kazi yake. Wengi hufurahi kusimulia. Wala usione haya kuuliza bei, kwani picha ndogo za karatasi huwa nafuu kuliko zile kubwa za turubai. Piga simu kwanza, maana baadhi ya majumba hayafunguliwi Jumapili.

Wahenga walinena, mcheza kwao hutuzwa. Mtuzaji ni sisi tunaoishi naye mtaa mmoja. Tukingoja wageni wamtuze kwa niaba yetu, wataondoka na picha zenyewe, na wajukuu wetu watalipa nauli ya ndege kwenda kuziona.