Mdimu wa Nyuma ya Nyumba

Nyuma ya nyumba niliyopanga hapa Bariadi kuna mdimu mmoja, umebanwa kati ya choo na kamba ya kuanikia nguo. Mvua zilipoanza, majani yake machanga yakawa kama yamenyewa na ndege. Nikajaribu kupangusa moja kwa kidole. Kile kinyesi kikainua kichwa, kikachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, na harufu kali ikanipanda puani.

Alikuwa kiwavi wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano ambaye watoto wetu humkimbiza uani. Kwa jina la kitaalamu ni Papilio demodocus. Akikua kidogo huvua vazi la kinyesi, akawa kijani kama jani analolila.

Jirani akaniletea chupa ya dawa ya pamba iliyobaki shambani. “Piga hiyo, mzee, watakumalizia mti.”

Simlaumu. Huu ni mkoa wa pamba, na mkulima aliyepambana na funza wa vitumba humwona kila kiwavi kuwa ndugu yao. Lakini huyu pamba haigusi. Shida yake ni majani ya ukoo wa mdimu. Na ile dawa haikutengenezwa kwa ajili ya ndimu tunazokamulia sato wa Lamadi.

Tukumbuke pia kwamba midimu na michungwa ni wageni, asili yao Asia. Kabla haijaja, kipepeo huyu alitaga kwenye jamaa za midimu walioko porini, miti ya ukoo wa mjafari, ule wenye miba iliyokalia vinundu, ambao wazee huuchimbia dawa. Pori likifyekwa na ngitili, yale malisho yanayotengwa na kuhifadhiwa, zikilimwa, uani kwetu ndiko anakobaki.

Mwenye kitalu ana haki ya kulalamika, maana mche mdogo unaweza kubaki vijiti. Awaokote viwavi kwa mkono asubuhi. Mdimu uliokomaa hauhitaji hata hilo. Wangu umeshachipua upya.

Chupa niliirudisha ilivyokuja. Kwenye tawi la chini sasa kuna pupa, amejifunga uzi mmoja kiunoni na kuegemea nyuma kama fundi wa umeme juu ya nguzo. Jirani ameshaniuliza mara mbili kama bado yumo.