Fundi kope naye ni fundi, tumfundishe basi

Wadau, kuna kazi moja hapa mjini ambayo kila mtu ana maneno nayo lakini wachache sana wanajua inafanywaje. Nazungumzia kazi ya kubandika kope. Ukiitaja kijiweni utasikia vicheko. Ukiitaja mbele ya wazee utapewa mahubiri. Ukiitaja mbele ya kina dada wenzangu watakuuliza tu unabandika wapi na ni shilingi ngapi. Leo sina nia ya kujadili kama kope za bandia zinapendeza au hazipendezi, hilo kila mtu na macho yake. Nataka nimzungumzie yule anayebandika. Alijifunza wapi, kwa siku ngapi, na nani alimpima kabla hajapewa kibano na gundi amsogelee mtu jichoni?

Mtakumbuka Septemba 2018 kule Dodoma, aliyekuwa Spika wa Bunge, marehemu Job Ndugai, alipiga marufuku wabunge kuingia ukumbini wakiwa na kope na kucha za bandia. Siku hiyo Naibu Waziri wa Afya wa wakati huo, marehemu Dk. Faustine Ndugulile, alikuwa amejibu swali kuhusu madhara ya vipodozi vya namna hiyo. Basi nchi nzima ikaingia kwenye mjadala wa maadili, mwanamke avae nini, asivae nini, na nani kampa nani ruhusa. Tukabishana wiki nzima juu ya anayebandikwa. Anayebandika hakuna aliyemkumbuka, na kama ni suala la afya, basi afya ya jicho la yule mbunge ilikuwa mikononi mwa binti mmoja wa saluni, siyo mikononi mwa Spika.

Tuelewane kwanza kazi yenyewe ni ipi. Zipo kope za mstari, unabandika asubuhi ya harusi na kubandua usiku. Zipo za vishada, nusu saa umemaliza. Halafu ipo ile ya moja moja, na hiyo ndiyo kazi hasa. Ukope mmoja wa bandia unagundishwa juu ya ukope mmoja wa asili, tena uliokomaa, kiasi cha milimita moja kutoka kwenye ngozi. Usiguse ngozi, usishikane na jirani yake. Ukingo wa juu wa jicho moja una kope kati ya 90 na 150 hivi, na unene wa hizi za bandia ni kama milimita 0.15, nyingine 0.10, nyingine mpaka 0.05. Mteja analala chali, macho kafumba, kope za chini zimefunikwa kwa kipande cha jeli na utepe. Fundi anakaa upande wa kichwani, kibano kimoja kinatenganisha, kingine kimeshika ukope uliochovywa kwenye gundi. Saa mbili, wakati mwingine tatu. Mgongo unauma, shingo inauma, na mteja akipiga chafya ujue umerudi nyuma hatua kumi.

Sasa kope ni kama nywele nyingine. Huota, hukomaa, hupumzika, huanguka, na kila siku zinadondoka kadhaa bila mtu kujua. Ndiyo maana mteja anarudi baada ya wiki mbili au tatu kujazia. Fundi asiyefundishwa jambo hili atabandika ukope mzito juu ya ukope mchanga, uchoke kubeba na ung'oke kabla ya siku zake. Ikirudiwa hivyo miezi na miezi shina linaumia. Sisi wanawake wa huku hatuhitaji kuelezwa sana, tunawajua akina dada waliosukwa kwa kukazwa tangu utotoni mpaka paji la uso likarudi nyuma. Jicho halina tofauti.

Halafu gundi. Jina lake la kitaalamu ni sayanoakrileti, ukoo mmoja na ile supa gluu ya kubandikia soli ya kiatu, ingawa hizi za kope hutengenezwa kwa namna yake. Tabia yake ni kwamba hukaushwa na unyevu wa hewa. Kwa gundi nyingi watengenezaji hushauri unyevu wa chumba uwe kama asilimia 45 hadi 60. Dar es Salaam hii hii yenye jasho na joto, unyevu unapita asilimia 70 siku nyingi tu! Maana yake gundi inakauka kabla haijashika. Fundi anabandika, mteja analipa, kesho kutwa kope ziko kwenye mto. Kwa hiyo fundi wa Dar anahitaji kujua gundi ipi inafaa hewa ya pwani, abadilishe tone la gundi kila baada ya muda mfupi, awe na kipima unyevu na kiyoyozi, na ajue la kufanya umeme ukikatika akiwa kwenye jicho la pili. Video za mafundi wa Seoul na Moscow hazimfundishi hayo. Wale shida yao wakati wa baridi ni hewa kavu.

Na mvuke wa gundi hiyo unawasha macho, ya mteja na ya fundi pia, ambaye anauvuta kila siku. Mwaka 2012 madaktari wa Japan walichapisha taarifa za wanawake 107 waliopata matatizo ya macho baada ya kubandikwa kope. Kati yao 64 walikuwa na uvimbe kwenye kioo cha jicho na utando wake, na 42 walikuwa na mzio kwenye ngozi ya kope. Gundi zilipopimwa zikakutwa na fomaldehaidi. Huko Japan tangu 2008 wizara yao ya afya ilishaeleza kuwa kubandika kope ni kazi ya mwenye leseni ya urembo, na leseni hiyo unaipata kwa kusoma miaka miwili na kufanya mtihani wa taifa. Jimbo la Texas kule Marekani wana leseni ya kope peke yake, na mafunzo yake ni saa 320.

Saa 320. Sasa njooni huku kwetu.

Nina mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alimaliza kidato cha nne akakaa nyumbani. Mama mdogo alipopokea zamu yake ya mchezo akatoa laki tatu na nusu kumlipia mafunzo ya kope, mahali nisipopataja. Mafunzo yalikuwa ya siku mbili. Aliporudi na cheti chenye utepe wa dhahabu nilimwomba daftari lake, nikalisoma lote. Kurasa saba. Mbili zilikuwa za namna ya kupiga picha na kuziweka mtandaoni, moja ya bei, moja ya maneno ya kujipa moyo ("wewe ni bosi" na mengine ya aina hiyo). Zilizobaki zilikuwa za kubandika, na aliyafanyia mazoezi kwenye sura ya plastiki siku ya kwanza, na kwa mteja mmoja waliyegawana na mwenzake siku ya pili. Neno mzio sikuliona. La kufanya gundi ikiingia jichoni sikuliona. Namna ya kubandua, ambayo ni nusu ya kazi, haikuwemo.

Mteja wake wa tatu aliamka macho yamevimba hafunguki. Alipona, tunashukuru, kwa dawa ya hospitali. Lakini ndugu zake walifika nyumbani kwa mama mdogo na mtaa mzima ukasikia. Binti akarudisha hela, akalipa dawa, wiki tatu hakutoka ndani. Ana miaka kumi na tisa. Aliyempa cheti alikuwa ameshatangaza darasa jingine.

Hapo ndipo ninapokasirika mimi. Mama lishe anadaiwa kupimwa afya kabla hajatuuzia wali. Dereva wa bodaboda anadaiwa leseni. Lakini yeyote mwenye chumba, bango na mashine ya kuchapa anaweza kuuza ufundi wa macho ya watu kwa siku mbili, na likitokea baya tunamcheka binti.

Vyombo tunavyo. VETA ipo kwa sheria ya mwaka 1994, inafundisha ususi na urembo, na ina utaratibu wa kuwatambua mafundi waliojifunzia mtaani, kuwapima na kuwapa vyeti. Naomba kope nazo zipewe saa zake na mtihani wake: jicho linavyofanya kazi, usafi wa vibano, kumjaribu mteja kwa kope chache siku moja au mbili kabla, na lini umwambie mtu "dada, leo sikubandiki, nenda kamwone daktari". TBS nao tangu 2019 ndio walioachiwa vipodozi vilivyokuwa chini ya TFDA. Wapite Kariakoo waangalie chupa za gundi ambazo hazina tarehe wala jina la aliyezitengeneza. Wakimaliza wapite na kwenye saluni zinazobandika kope kwa gundi ya nywele. Ndiyo, ile ile ya wivingi.

Najua nitajibiwa kwamba nataka kuwaongezea mabinti mzigo, ada juu ya ada, na leseni itageuka mlango wa kitu kidogo. Hofu hiyo ni ya kweli na siibezi. Ndiyo maana sijasema tuanze na faini wala kufunga vyumba vya watu. Tuanze na mafunzo, na tuanze na wale wanaojua tayari. Wapo akina dada Sinza na Kinondoni wenye mikono ya dhahabu ambao hawana cheti chochote, walikaa chini ya fundi mwingine mwaka mzima wakiangalia. Huo ndio utaratibu wetu wa siku zote. Fundi cherehani hakupi kitambaa cha mteja siku ya pili, atakushonesha foronya mpaka uzichukie. Siku mbili hizi tumezitoa wapi?

Na hilo la kubandua msilione dogo. Ukikaribia mwezi wa Ramadhani, wateja wengi Waislamu wanataka kuzitoa kwa sababu ya udhu, maji yafike kila mahali usoni. Huo ndio msimu wa kope kung'olewa kwa kucha, kwa mafuta ya kula, kwa kuvuta mbele ya kioo cha kabati, kwa sababu aliyebandika hakufundishwa kutoa. Inatakiwa dawa ya kuyeyusha gundi, macho yamefumbwa, taratibu, na haivutwi hata moja. Ukienda kubandikwa kesho, kabla hujalala kwenye kile kitanda muulize fundi wako anatoaje. Akikujibu "zitadondoka zenyewe", chukua mkoba wako.

Mdogo wangu sasa yuko kwa dada mmoja Kinondoni, mwezi wa tatu huu, bila kulipwa ila nauli na chakula. Anaosha vibano, anaandika kwenye daftari jipya unyevu wa chumba asubuhi na mchana, na tangu wiki iliyopita ameruhusiwa kubandua. Kubandika mteja bado. Dada yule kamwambia labda Krismasi.